Kuotesha Nyanya Fupi Ndani ya Nyumba: Mwongozo kwa Anayeanza Mbeya, Iringa na Njombe

Katika Nyanda za Juu Kusini nyanya ina maadui wawili wanaopokezana zamu. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mvua huyaacha majani yakiwa na maji kwa saa nyingi mfululizo, na hapo bakajani chelewa, ugonjwa uleule unaounguza viazi mviringo vya Uporoto na Makete, huweza kuimaliza bustani nzima kabla mwenyewe hajapata dawa. Mvua ikikoma huja kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambapo mmea kwa kawaida haufi lakini husimama bila kukua, na maua yake hupukutika bila kushika tunda. Anayeiingiza nyanya chini ya paa anaikwepa mvua kabisa na anaipunguza baridi kwa kiasi kikubwa, ila kwa kitendo hichohicho anaunyima mmea jua, upepo na nafasi ya mizizi. Kazi yote inayoelezwa hapa ni namna ya kuurudishia mmea vitu hivyo vitatu. Ninaposema ndani ninakusudia chumba chenye dirisha kubwa, baraza iliyozibwa kwa vioo au nailoni angavu, au kibanda kilichoegemezwa ukutani na kuezekwa kwa bati linalopitisha mwanga.

Hatua ya kwanza: chagua aina na majira

Nyanya haingoji siku ziwe ndefu au fupi ndipo itoe maua. Hutoa maua kwa umri wake. Hapa Mbeya, ambako siku fupi ya Juni ina mwanga wa takriban saa 11 na nusu na ile ndefu ya Desemba ina saa 12 na nusu hivi, jambo hilo ni faida, kwa kuwa unaweza kusia mwezi wowote ilimradi joto na jua vinatosha. Kinachotofautisha aina moja na nyingine ni tabia ya shina. Aina ndefu huendelea kupanda juu na kutoa vishada vipya kwa miezi mingi, na ndani ya nyumba hufika darini huku ikidai kupogolewa kila wiki. Aina fupi hufikia kimo chake, shina likaishia kwenye kishada cha maua, na matunda mengi yakaiva kwa kukaribiana. Kwa anayeanza ninapendekeza aina fupi bila kusita: Tanya, iliyotoka katika kituo cha utafiti cha Tengeru mkoani Arusha, au Cal J na Rio Grande, ambazo hupatikana katika maduka mengi ya pembejeo. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mbegu zinazopimwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi ni rahisi, lakini hujui zimekaa hapo tangu lini.

Kuhusu majira, wakati mzuri kuliko wote ni mwishoni mwa Agosti. Miche itakua wakati baridi inaondoka, itahamishwa katika jua kali la Oktoba, na matunda yatakuja Desemba na Januari, wakati mvua inapoharibu nyanya za mashambani na bei ya sokoni kuanza kupanda. Anayesia Machi ajue kwamba mimea yake itatoa maua katikati ya kipupwe, na kwa mtu wa Njombe au Makete hilo ni jaribio gumu la kuanzia.

Hatua ya pili: andaa udongo, na usiufanyie haraka

Hapa ndipo wengi huharibu, na makosa ya hatua hii hayarekebishiki kwa mbolea. Udongo wa shambani, hata uwe mzuri namna gani, ukitiwa ndoo hujikaza baada ya kumwagiliwa mara kadhaa, kwa sababu humo hamna minyoo ya kutosha ya kuuchimba na maji hayana njia ndefu ya kushuka. Mizizi inahitaji hewa sawasawa na inavyohitaji maji. Kwa hiyo udongo wa chomboni lazima uchanganywe na kitu chepesi kinachoacha matundu.

Wakazi wa Uyole, Igawilo na Rungwe wana bahati ambayo wengi hawaitumii, kwani katika udongo wao wa volkano mna changarawe nyepesi zenye vitundu, zinazoelea ukizitia majini, nazo ni kitu bora kabisa kwa kazi hii. Zichekeche upate zenye ukubwa wa punje za mahindi. Anayeishi Iringa mjini au Mafinga, ambako udongo mwekundu hunata, atumie pumba za mpunga zilizochomwa hadi zikawa nyeusi bila kugeuka majivu; pumba hizo hupatikana karibu na mashine yoyote ya kukoboa mpunga. Maranda na vumbi la mbao mbichi kutoka viwanda vya misonobari vya Mufindi usiyatumie, hata kama unapewa bure, kwa sababu yanapooza hula naitrojeni ya udongo na kuuacha mmea ukiwa na njaa.

Kipimo kinachofaa ni madebe matatu ya udongo wa juu, madebe mawili ya samadi au mboji iliyooza kabisa, na debe moja la changarawe nyepesi au pumba zilizochomwa. Kwa udongo mwekundu mzito ongeza pumba hadi debe moja na nusu. Samadi iliyooza haina harufu ya zizi, haina joto ukiingiza mkono ndani, na majani yaliyokuwamo hayatambulikani tena. Samadi ya kuku ina nguvu sana: ukiitumia, weka nusu ya kiasi hicho na uhakikishe imekaa miezi kadhaa.

Udongo wa juu usiutoe katika shamba lililolimwa viazi mviringo, nyanya, pilipili au bilinganya. Mazao hayo ni ya ukoo mmoja na nyanya, na bakteria wanaosababisha mnyauko hukaa ardhini kwa miaka. Mmea ulioshikwa na mnyauko huo hulegea mchana ukiwa bado wa kijani, hujaribu kuamka usiku, kisha hufa, na hakuna dawa ya kuurudisha. Kwa kuwa katika wilaya nyingi za huku ni shida kupata kipande cha ardhi ambacho hakijawahi kuona kiazi, ni busara kuupika udongo. Chukua nusu pipa, weka maji kidogo chini, weka wavu au mawe juu ya maji, kisha panga udongo ukiwa ndani ya viroba na ufunike. Fukia kiazi kibichi katikati ya kiroba. Kiazi kikiiva, udongo nao umepata joto la kutosha, kwa maana unachotafuta ni nyuzi joto 70 kwa nusu saa. Pika udongo peke yake. Mboji ichanganywe baada ya udongo kupoa, ili wale viumbe wadogo wenye faida wasiuawe pamoja na wabaya.

Jambo la mwisho katika udongo ni uchachu. Maeneo yenye mvua nyingi kama Njombe, Mufindi na Rungwe mara nyingi yana udongo wenye tindikali kuliko nyanya inavyopenda, kwani nyanya hustawi pH, yaani kipimo cha uchachu, ikiwa kati ya 6 na 6.8. Vijiko vitatu vya chakula vya chokaa ya kilimo kwa kila ndoo ya lita 20 vinatosha, navyo huongeza kalsiamu itakayokuja kuhitajika wakati wa matunda. Ukiwa huna chokaa, konzi moja ya majivu ya kuni hufanya sehemu ya kazi hiyo, lakini usiweke vyote viwili kwa wingi. Changanya wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, nyunyiza maji kidogo, na uache mchanganyiko upumzike.

Hatua ya tatu: vyombo

Mmea mmoja wa aina fupi unahitaji lita 15 hadi 20 za udongo. Ndoo ya plastiki iliyochakaa inafaa, kiroba cha kilo 25 kinafaa pia. Toboa matundu matano au sita chini, kila moja likiingiza kidole, na usitandike mawe ndani kwa kudhani yatasaidia maji kutoka. Hayasaidii, yanapunguza tu nafasi ya mizizi. Jaza udongo, mwaga lita mbili za maji, kisha tazama. Maji yakianza kuchuruzika chini ndani ya dakika chache, umefaulu. Yakituama juu, rudi hatua ya pili.

Vyombo visikae moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji. Saruji ya Julai huko Mbeya huipoza mizizi usiku kucha, na mizizi iliyopoa hainyonyi. Viinue kwa vipande vya mbao, na chini yake weka sinia la kupokea maji, ambalo utalimwaga kila baada ya kumwagilia.

Hatua ya nne: kusia na kuhamisha

Sia mbegu mbili katika kila kikombe kilichotobolewa, kina cha sentimita moja, na uweke vikombe mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 28. Katika nyumba nyingi za huku mahali hapo ni jikoni, karibu na jiko lakini si juu yake. Mbegu huchomoza kati ya siku 6 na 10. Chini ya nyuzi 15 zinaweza kupita wiki mbili, na nyingine zikaoza. Siku ileile mche wa kwanza unapoonekana, vikombe vyote vihamie kwenye mwanga, kwa sababu mche uliokaa siku tatu gizani hurefuka kama uzi na hautapona tabia hiyo. Mwagilia kwa uangalifu: ugonjwa wa kinyausi, ambao hukata mche usawa wa udongo, hupenda udongo uliolowa na hewa isiyotembea.

Mche ukiwa na majani halisi manne au matano, uhamishe jioni. Uzike hadi karibu na majani ya kwanza, kwani sehemu ya shina inayofunikwa udongo hutoa mizizi mipya. Acha mmea mmoja kwa chombo. Najua inauma kung'oa mche mzima, lakini miwili katika ndoo moja itakupa mavuno ya mmoja na shida za watatu.

Hatua ya tano: mwanga

Nyanya inataka jua lisilopungua saa sita kwa siku. Kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta, kwenye latitudo ya karibu nyuzi 9, jua la kipupwe hupita upande wa kaskazini wa anga, na mwezi Juni saa sita mchana hushuka hadi nyuzi 57 hivi juu ya upeo. Maana yake ni kwamba dirisha au baraza inayotazama kaskazini ndiyo inayopata jua ndani kabisa katika miezi ya baridi, wakati dirisha la kusini halipati kitu. Desemba hali hugeuka, jua likapita karibu na utosi na kuelekea kusini kidogo, na hapo paa linalopitisha mwanga lina faida kuliko dirisha lolote. Paka chokaa nyeupe ukuta ulio nyuma ya mimea, ondoa mapazia, futa vumbi kwenye vioo, na kila wiki zungusha chombo robo mzunguko ili mmea usiinamie upande mmoja.

Je, taa? Kwa miche, ndiyo. Taa ya LED nyeupe ya wati 20, ikining'inizwa sentimita 20 juu ya vikombe na kuwashwa saa 14 kwa siku, hula uniti 8 na nusu hivi kwa mwezi, nayo hukupa miche minene hata wiki za mawingu. Kwa mimea inayozaa hesabu ni nyingine: mmea mmoja ungehitaji karibu wati 100, yaani uniti 42 kwa mwezi, na anayelipia umeme wa matumizi madogo usiozidi uniti 75 atajikuta amevuka mpaka kwa ajili ya nyanya mbili. Kwa maoni yangu fedha hiyo inunue bati angavu. Na ukitumia taa, zima usiku. Nyanya inayomulikwa saa 24 hugeuka manjano.

Hatua ya sita: maji na mbolea

Nimeona nyanya nyingi za ndani zikifa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, subiri. Baada ya wiki kadhaa utazoea kuinua chombo kidogo upande mmoja na kujua kwa uzito wake. Mmea mdogo hutosheka na nusu lita kila siku mbili au tatu. Mmea wenye matunda katika jua la Oktoba unaweza kumaliza lita moja na nusu au mbili kwa siku. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo na si kwenye majani, na wakati wa kipupwe acha maji ya bomba yakae ndani ya ndoo juani kwanza.

Majani ya chini yakiwa manjano na udongo umelowa, tatizo ni maji. Majani yakiwa na rangi ya zambarau kwa chini, vitabu vitakuambia ni upungufu wa fosforasi, na mwenye duka atakuuzia mbolea ya DAP. Katika miezi ya baridi fosforasi mara nyingi imo udongoni lakini mizizi iliyopoa haiwezi kuichukua. Inua joto la chombo, subiri wiki moja, ndipo ufikirie mbolea.

Mboji uliyoweka inalisha mmea kwa wiki mbili au tatu za kwanza. Baada ya hapo weka NPK 17:17:17 kifuniko kimoja cha soda kila wiki mbili, ukiizungushia sentimita 10 kutoka shinani, uifukie na kumwagilia. Usizidishe. Urea na CAN, mbolea zenye naitrojeni nyingi, usizitumie mmea ukishatoa maua, kwa sababu utapata majani ya kupendeza na matunda haba. Mara moja kwa mwezi mwagilia hadi maji mengi yatoke chini, ili chumvi za mbolea zisijilimbikize. Tunda likioza kitakoni na kuwa jeusi, usikimbilie dawa ya ukungu. Ni kalsiamu isiyofika kwenye tunda, na kisababishi cha kawaida ni kumwagilia kwa kurukaruka, leo mafuriko, kesho ukame.

Hatua ya saba: usiku wa baridi

Nunua kipimajoto, ukitundike usawa wa mimea na ukisome alfajiri. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13, chavua hudhoofika na maua hupukutika au kutoa matunda yenye mikunjo; ukikaribia nyuzi 10, ukuaji husimama. Sogeza vyombo mbali na kioo jioni, teremsha nailoni au khanga nzito kati yao na dirisha, na panga madumu ya maji ya lita tano katikati ya mimea: yatapashwa na jua mchana na kuachia joto hilo polepole usiku. Jiko la mkaa usiliache likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Mimea itanusurika na moshi, lakini hewa ya mkaa haina harufu na huua watu usingizini, na kila kipupwe mikoa hii husikia habari za namna hiyo.

Hatua ya nane: maua, miti na wadudu

Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, ila chavua haidondoki mpaka ua litikiswe. Shambani kazi hiyo hufanywa na upepo na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Ndani ni wewe. Kila siku kati ya saa nne na saa sita asubuhi, hewa ikiwa kavu, gonga taratibu kwa kidole bua la kila kishada kilichochanua. Fungua madirisha mchana ili hewa itembee.

Simika mti mmoja wa mita moja na ufunge shina kwa uzi uliolegea. Usiipogoe aina fupi kama unavyoona watu wakipogoa aina ndefu. Vishada vyake ni vya kuhesabika, na kila chipukizi unaloliondoa linaondoka na matunda. Toa tu machipukizi yaliyo chini ya kishada cha kwanza pamoja na majani yanayogusa udongo. Anayevuta sigara au kushika tumbaku anawe mikono kwa sabuni kwanza, maana kuna kirusi cha tumbaku kinachohamia nyanya kwa njia hiyo.

Mdudu wa kuogopwa ni kantangaze, aliyethibitika kuingia nchini mwaka 2014. Nondo wake hutaga kwenye jani, na kiwavi huchimba ndani akiacha madoa yanayopitisha mwanga. Weka wavu mwembamba dirishani, kagua majani kila siku mbili, na jani lenye mchoro likatwe na kuchomwa. Inzi weupe hunaswa kwa kibao kilichopakwa rangi ya manjano na grisi. Vidukari na utitiri huondolewa kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, yakinyunyizwa chini ya majani jioni. Sumu za shambani zisipulizwe ndani ya nyumba wanamolala watu.

Hatua ya tisa: kuvuna

Katika majira ya joto tarajia tunda la kwanza miezi mitatu na nusu hadi minne baada ya kusia. Kipupwe kikiingia kati, inaweza kufika mitano. Chuma tunda linapoanza kugeuka rangi, ulimalizie kuiva juu ya rafu ndani ya nyumba, si kwenye friji wala kwenye dirisha la baridi, kwa kuwa chini ya nyuzi 10 ladha hupotea na haitarudi. Kilo mbili hadi tatu kwa mmea mmoja ni mavuno ya kuridhisha kwa mara ya kwanza.

Mimea ikishamaliza, ing'oe na mizizi yake na uichome. Udongo wake usirudishie nyanya, wala pilipili, nyanya chungu au mnavu, kwa msimu unaofuata. Ongeza mboji na upande maharage, chainizi au spinachi, ambazo si za ukoo wa nyanya na hazisumbuliwi sana na magonjwa yake.